Tarakimu Moja kati ya J7626 na J7627

Budesonidi ni steroidi inayotuliza uvimbe katika njia za hewa. Mgonjwa wa pumu, au mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, huivuta kama ukungu mwembamba kutoka kwenye mashine ya nebulaiza. Nchini Marekani dawa hii ina misimbo miwili ya malipo. J7626 ni ya ile iliyotoka kiwandani ikiwa na idhini ya FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo. J7627 ni ya ile iliyochanganywa na mfamasia. Yuniti moja ya malipo, kwa misimbo yote miwili, ni hadi miligramu 0.5. Ya kwanza, Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, huilipia nyumbani kwa mgonjwa. Ya pili hukataliwa, kwa hoja kwamba haina ulazima wa kitabibu.

Wanaotetea ukataaji huo hawakuuzua hewani. Ukungu wa nebulaiza huenda moja kwa moja kwenye mapafu yaliyokwisha dhoofika, ndiyo maana tangu mwaka 2002 dawa zote za majimaji za kuvutwa kwa mdomo zinatakiwa kuwa hazina kijidudu chochote. Hata hivyo, Agosti 2006 FDA ililazimika kuyaonya maduka matatu ya dawa yaliyokuwa yakichanganya dawa za nebulaiza kwa wingi, kama viwanda visivyo na idhini. Kisha ikaja 2012: sindano za steroidi zilizochanganywa Framingham, Massachusetts, zilikuwa na kuvu, watu zaidi ya 700 wakaugua na zaidi ya 60 wakafa. Zile zilikuwa sindano, si dawa za kuvuta, lakini mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya uchanganyaji, na mimi nisingeilaumu bima inayokumbuka vifo vile.

Kuna na suala la pesa. Kama misimbo yote miwili ingelipwa sawa, muuzaji angekuwa na kila sababu ya kununua unga wa bei nafuu, kuuchanganya, na kudai malipo ya dawa ya kiwandani.

Lakini hapa ndipo ninapokwama. Dawa ya kwanza ya budesonidi ya nebulaiza iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 kwa watoto wa miezi 12 hadi miaka 8. Wengi wanaohudumiwa na Medicare wamepita miaka 65. Mzee anayeitumia anaitumia nje ya idhini, na bado J7626 inalipwa. Kwa hiyo msimbo unauliza kichupa kilitoka wapi, hauulizi kama dawa imethibitishwa kwa mtu huyu. Sasa mfikirie mgonjwa ambaye mwili wake unaikataa polisobeti 80, mojawapo ya viungo vilivyomo katika dawa ya kiwandani. Daktari anamwandikia mchanganyiko usio na kiungo hicho, mfamasia anamtengenezea yeye peke yake, jambo ambalo sheria inaliruhusu waziwazi. Dai linarudi limekataliwa, sawa na dai la duka lililochanganya maelfu ya vichupa bila kumjua mgonjwa hata mmoja. Kuwaweka wawili hawa kapu moja ni kosa.

Anayebeba mzigo huo mara nyingi ni karani wa madai. Akiandika J7626 kwa dawa iliyochanganywa, amedanganya serikali, na sheria ya madai ya uongo haichezewi. Akiandika J7627, anajua jibu kabla hajatuma. Njia safi ni kumsainisha mgonjwa mapema fomu ya kumjulisha kwamba huenda akalipa mwenyewe. Bila fomu hiyo, kwa kawaida hasara inabaki kwa muuzaji. Nasisitiza neno mapema. Bili inayomfikia mtu wiki kadhaa baada ya dawa kwisha haimpi nafasi ya kuchagua lolote.

Rufaa zipo, ngazi 5, na jaji wa ngazi ya 3 hafungwi na mwongozo wa malipo ambao makandarasi wa Medicare wanaufuata. Ila mtu anayehema kwa shida hawezi kuambiwa asubiri mpaka huko. Ningependa ukataaji ubaki kwa dawa zinazochanganywa kwa wingi, na barua ya daktari inayotaja kiungo kinachomdhuru mgonjwa isomwe kwenye dai la kwanza kabisa, na mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo.