Mtapo wenye shina nene umetoka wapi?

Mwaka juzi nilinunua mti ulioibwa. Sikujua siku ile, ila ningetulia kidogo nikafikiri, ningejua.

Ilikuwa kwenye kitalu kimoja cha maua, barabara ya kutoka Moshi kwenda Arusha. Nilifuata mawaridi ya Mama. Nyuma ya viriba vya miparachichi nikaona kitu kama nanasi lililovimba, kimo cha goti, juu kina majani magumu ya mtindo wa mnazi, kila ncha inachoma.

"Mnazi wa mlimani huo, kaka," muuzaji akasema. "Umetoka Lushoto. Chimbia tu, unashika."

Si mnazi hata kidogo. Ni mtapo, jina ambalo watu wa pwani wanalijua kuliko sisi wa huku. Kama kweli ulitoka Lushoto, basi ni ule ambao wataalamu wanauita Encephalartos sclavoi, na kwao ni Usambara Magharibi, basi. Kuna mwingine una jina la mlima Kanga, kule Morogoro, kwa sababu hiyohiyo: ndiko kwao. Hii si miti ya kusambaa ovyo.

Mama alipouona aliuliza kama ni sale la Wazungu. Uchaggani tumelelewa na sale: unakata tawi, unachomeka mpakani mwa kihamba, mvua zikipita lina majani. Nami nikauchimbia mtapo kwa akili hiyo. Mwezi wa nne majani yakawa njano. Nikausukuma kwa mguu, ukalala. Chini hapakuwa na mzizi hata mmoja. Palikuwa na alama tatu za panga, za mshazari, na nyama ya shina imegeuka uji unaonuka kama mbege iliyopitiliza.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, nimeshachelewa. Mtapo unakua taratibu mno; shina la kimo cha goti ni umri wa mtu mzima. Sasa niambieni, ni mwenye kitalu gani Moshi hii amekaa na kiriba kimoja miaka yote hiyo akisubiri mimi nije na pesa? Unene wa shina wenyewe ndio ushahidi. Mitapo yote ya ukoo wa Encephalartos imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, yaani iliyochimbwa porini haivuki mpaka kibiashara. Na hapa nchini, kung'oa mti kwenye hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa.

Mtaniambia ni mti mmoja tu. Lakini mtapo ni kama mpapai, una dume na jike. Kila mmoja unatoa koni zake, ndivyo viungo vyake vya uzazi, na fukusi ndio wanaobeba chavua kutoka kwa dume kupeleka kwa jike. Ondoa majike mawili matatu kwenye genge moja la mlima, na madume yaliyobaki yatazeeka hapo bila mtoto. Afrika Kusini wanalijua hilo. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea John Medley Wood alikuta fungu moja la mtapo katika msitu wa Ngoye, dume tupu. Jike halijaonekana mpaka leo. Mitapo yote ya aina hiyo iliyoko kwenye bustani za dunia ni vipande vya dume lile lile.

Sisemi tusipande mitapo. Ule wa Kijapani, Cycas revoluta, umejaa kwenye mahoteli na viwanja vya makanisa, na sina ugomvi nao: unatoa vichipukizi pembeni ya shina, wauzaji wanavibandua, hakuna mlima unaoumia. (Mbegu zake zina sumu, wenye mbwa na watoto wadogo jihadharini.) Wa kwetu nao unaota kwa mbegu. Kinachotakiwa ni dume na jike vilivyopatikana kihalali, mtu wa kuchavusha kwa mkono, na mteja anayekubali kununua mche wenye majani mawili badala ya kudai kikubwa cha kupendezesha geti kesho.

Mteja huyo ndiye tatizo, na nilikuwa mimi. Muuzaji wangu bado ana namba yangu. Juzi kanitumia picha ya mwingine, mnene kuliko ule, umeegemezwa ukutani. Nikamwandikia anipigie picha ya chini, nione mizizi.

"Mizizi ya nini tena, kaka? Huu unashika wenyewe."