Nilivyoponea Chupuchupu Kubatizwa Coco Beach

Coco Beach ya Dar es Salaam inatazama mashariki. Wanaokuja jioni kula mihogo na kupiga picha, jua linawazamia mgongoni, nyuma ya nyumba za Oysterbay, wanaambulia anga la kijivu na viti vya plastiki. Anayetaka rangi aje alfajiri, tena mapema, maana karibu na ikweta jua linapanda wima. Ukisema ngoja kwanza ninywe chai, unakuta limeshakuwa la kuanikia dagaa.

Basi saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimeshasimamisha stendi ya kamera kwenye maji ya magotini. Jabali la matumbawe nililiweka chini kushoto, kwa sababu bahari tupu haina pa kushika jicho. Mwanga bado hafifu: ISO 100, yaani kamera isinase mwanga kwa pupa, tundu la lenzi nimelibana f/11, shata, ule mlango wa kuingizia mwanga, wazi dakika mbili ili mawimbi yalainike yawe ukungu. Kamera yangu ya mtumba inajihesabia mwisho sekunde 30. Zaidi ya hapo nafunga waya wa shata na kuhesabu mwenyewe, midomo ikicheza, macho nimefumba nisikosee.

Nimefika arobaini na kitu, mkono ukatua begani.

"Endelea kuomba, mwanangu. Usiogope."

Kufumbua macho, naona majoho meupe yamenizunguka. Mbele ya lenzi yangu kabisa mchungaji kasimama maji ya kiunoni, mkono juu, hatikisiki. Mzee aliyenishika ananisogeza kwake polepole, kwa upendo mwingi, nami siwezi kumjibu kwa sababu nikitamka neno hesabu inapotea. Sabini na moja. Sabini na mbili.

"Anasema nini?" mama mmoja akauliza nyuma.

"Ananena kwa lugha."

Mchungaji akanishika kichwa. "Jina lako, ndugu?"

"Ramadhani."

Kimya. Wimbi likapita.

"Hilo la zamani," mzee akanitetea. "Sasa unataka uitwe nani?"

"Mzee wangu, shikamoo. Mimi mpiga picha. Kamera yangu ile pale."

Wote wakageuka kuitazama. Mtoto mmoja akaipungia mkono.

Mpaka nakwenda kuifunga shata, dakika mbili zilikuwa zinakaribia nne. Nyumbani nikakuta anga limeungua kwa mwanga kuzidi, ila nilipiga kwa faili ghafi (RAW), linalohifadhi kila kilichonaswa na kamera, kwa hiyo nilishusha mwanga na mawingu yakarudi. Nikanyoosha upeo wa bahari, nikapunguza ubuluu. Tatizo likabaki kwa watu. Shata ikikaa wazi muda mrefu, aliyetulia anabaki na anayetembea anafutika. Mchungaji alitoka vizuri, mpaka vidole unahesabu. Waumini wote wakawa moshi mweupe juu ya maji, na mbele ya mchungaji likaning'inia shati la rangi ya chungwa lisilo na kichwa.

Mzee aliniachia namba akiomba picha, nikamtumia. Akajibu yule mama, kwa ujumbe wa sauti:

"Kijana, sisi tumeingia majini watu, wewe umetutoa mizimu? Mchungaji peke yake ndiye ana mwili!"

Nikamweleza habari za shata na mwendo. Akasema sawa, basi niwarudishe. Nikamweleza tena.

Jioni mzee akaandika: "Mchungaji ameipenda sana. Anasema huo moshi ni utukufu, iwekwe kwenye kalenda. Ila hilo shati lifute, linatia watu hofu."

Nikajifuta. Elfu kumi, kwa simu.