Baba Alichagua, Mwana Akaitwa Jeshini

Kivuko cha kwenda kisiwa cha Pulau Tekong, Singapore, hubeba vijana wanaoanza jeshi la lazima pamoja na wazazi wao. Siku hiyo mzazi hutembezwa kambini, akaonyeshwa kitanda cha mwanawe, wakala pamoja kwenye bwalo la jeshi. Kisha mzazi hurudi kivukoni. Kijana hukalia kiti cha kinyozi, na mashine ikipita mara chache tu, hata mama yake angelazimika kumtazama mara mbili.

Miongoni mwa makuruta hao wamo wasio raia: wakazi wa kudumu, yaani wageni walioruhusiwa kuishi huko daima bila uraia. Waliletwa utotoni na wazazi waliohamia kikazi, na sasa wana miaka 18. Wakitumikia, hakuna anayewaona. Wakiondoka, huitwa wakwepaji. Naona hawajatendewa haki katika mjadala kuhusu wanaorudisha ukazi huo bila kutumikia jeshi.

Raia wana hoja nzito. Tangu mwaka 1967 nchi hiyo ndogo, isiyo na pa kurudi nyuma ikivamiwa, inalindwa na watoto wake wa kiume. Sasa utumishi ni miaka 2 kamili, kisha kuitwa tena na tena katika jeshi la akiba hadi umri wa miaka 40, na 50 kwa maofisa. Anayekaidi wito wa jeshi anakabiliwa na faini ya hadi dola 10,000 za huko, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Wakati kijana raia anatambaa kwenye matope, wenzake wa kigeni wako chuo kikuu. Mwana wa mkazi wa kudumu naye amesoma kwa ada nafuu kuliko mgeni, na wazazi wake walijua sharti hili tangu walipomwombea ukazi. Akiurudisha ukazi huo kabla ya kuvaa sare, jirani aliyempeleka wake jeshini ana haki ya kuumia.

Lakini tazama nani anadaiwa. Baba aliyepata ukazi kwa ujuzi wake wa kazi husamehewa jeshi. Mwana aliyeombewa ukazi na baba huyo ndiye huitwa. Mtu mzima aliyepima mshahara, shule na usalama, akaamua kuhama, habebi bunduki. Anaibeba yule aliyekuwa na miaka 6, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Kuna jambo moja linalonisumbua kuliko yote. Kijana akirudisha ukazi bila kutumikia, maombi yake ya baadaye ya kusoma au kufanya kazi huko yanaweza kukwama. Hilo naweza kulielewa. Ila serikali huonya pia kwamba hata maombi ya familia yake ya karibu, pamoja na kibali cha wazazi kinachohitaji kuhuishwa, yanaweza kuathirika. Kwa hiyo mtoto wa miaka 17 hukaa mezani akijua kwamba neno lake linaweza kugusa kazi ya baba na shule ya mdogo wake. Hapo hawezi kusema kwa uhuru kwamba anaipenda nchi hiyo, wala kwamba haipendi. Mzigo wa nyumba nzima umetuama kichwani pake kabla hajaruhusiwa kupiga kura popote.

Na wengi huenda. Hujifunza kutandika kitanda bila kunjo, kulinda zamu usiku, kumbebea mwenzake mzigo kwenye matembezi ya kilomita 24 yanayofunga mafunzo ya awali. Ni huko, zaidi ya darasani, mvulana huyo anapokuwa mtu mzima wa nchi hiyo. Kisheria bado si wake. Singapore hairuhusu uraia wa nchi mbili, wala India, China au Malaysia. Akitaka uraia sharti auombe, kisha aingie nchi ya bibi yake kama mgeni.

Mimi ningetenganisha kibali cha baba na uamuzi wa mwana, na aliyemaliza miaka 2 ningempa uraia bila kumweka foleni, akiutaka.

Kwa miaka mingi kuruta alikabidhi kitambulisho chake siku ya kuingia, cha waridi kwa raia, cha buluu kwa mkazi, na wote wakapewa kadi ya jeshi iliyo sawa. Siku ya kumaliza waliirudisha kadi hiyo. Mmoja akapewa ya waridi, mwenzake aliyelala kitanda cha pembeni akapewa tena ya buluu.