Aliyejisomesha kwa Jasho Ndiye Mtumishi Bora wa Umma?

Msikilize mtu anayeomba kura, au anayejieleza mbele ya jopo la usaili wa kazi serikalini. Kama alisoma huku akifanya vibarua, atalitaja hilo mapema: nilijisomesha mwenyewe. Ndani ya kauli hiyo kuna hoja nzima, kwamba aliyeosha vyombo ili apate ada ameyaonja machungu ya wananchi, kwa hiyo atachunga fedha zao na hataona kazi yoyote kuwa ni ya kumshusha hadhi. Hoja hiyo naiheshimu, na inaniuma inapobezwa na waliolipiwa kila kitu. Lakini mara nyingi inabebeshwa mzigo isiouweza.

Mfano wenye nguvu kuliko yote ni wa Lyndon Johnson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alisoma chuo cha ualimu San Marcos, Texas, akifagia sakafu na kuuza soksi za hariri. Alilala kwenye kachumba juu ya gereji ya mkuu wa chuo; kuoga alikwenda jengo la mazoezi. Fedha zilipomwishia alisimamisha masomo, akaenda kufundisha watoto wa familia maskini zenye asili ya Mexico katika mji wa Cotulla, wengi wao wakifika darasani bila kutia kitu tumboni. Alipokuwa rais, mwaka 1964, alisaini sheria iliyoanzisha mpango wa kuwalipa wanafunzi kwa kazi za muda. Novemba 8, 1965 alirudi San Marcos na kusaini palepale chuoni Sheria ya Elimu ya Juu, iliyoleta ruzuku kwa wanafunzi wasio na uwezo na mikopo yenye dhamana ya serikali. Mtu huyu hakusahau alikotoka.

Sasa mtazame Herbert Hoover. Yatima tangu akiwa na miaka 9, aliingia Stanford mwaka 1891, chuo kilipofungua milango, akajikimu kwa ukarani na kwa kukusanya nguo chafu za wenzake na kuzipeleka kwa dobi. Naye akafika urais. Uchumi ulipoporomoka kuanzia 1929 na mamilioni wakakosa kazi, alipinga serikali kuu kuwapa wenye shida msaada wa moja kwa moja, akiamini ungeua moyo wa kujitegemea. Sisemi alikuwa na roho ngumu. Huyuhuyu ndiye aliyeongoza kazi ya kuwalisha Wabelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ila jasho lilelile lililomfundisha Johnson kuwafungulia wenzake njia, linaweza kumfundisha mwingine kusema: mimi niliweza, nao waweze. Na jambo moja husahaulika: Stanford ya siku hizo haikutoza ada. Jasho la Hoover lilimpatia chakula na malazi. Darasa alilikuta limeshalipiwa.

Aliyempokea kiti, Franklin Roosevelt, alikuwa mtoto wa tajiri aliyesomea Harvard. Ni serikali yake iliyoanzisha mwaka 1935 shirika la taifa lililowalipa vijana kwa kazi ndogondogo ili wabaki masomoni, na mkurugenzi wake wa Texas akawa Johnson yuleyule.

Kinachonigusa zaidi ni saa. Kuna mwanafunzi anayetoka zamu ya ulinzi saa 12 asubuhi na kipindi kinaanza saa 2. Anakaa nyuma, kalamu mkononi. Sentensi yake inaanza vizuri, halafu herufi zinalegea, zinakuwa mstari mmoja unaoteremka hadi ukingo wa daftari. Watafiti wa elimu wamekuwa wakionyesha kwamba kazi ya saa chache kwa wiki, hasa ikiwa ndani ya chuo, kwa kawaida haidhuru masomo. Zikivuka 20 hivi, maksi huelekea kushuka na wanaoacha chuo huongezeka. Halafu kijana huyu anaomba kazi serikalini, anashindanishwa kwa maksi na mwenzake aliyelala usingizi wa kutosha na aliyemudu kwenda kufanya mafunzo ya vitendo bila malipo. Hata Ikulu ya Marekani ilianza kuwalipa vijana wake wa mafunzo mwaka 2022. Tunamsifu kwenye hotuba, tunamchuja kwenye makaratasi.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho vibarua humpa mtu na darasa haliwezi. Aliyepoteza ujira wa siku akisubiri sahihi moja anajua "njoo kesho" inagharimu kiasi gani. Akikaa yeye upande wa pili wa dirisha, ana sababu ya kuinuka akaitafute hiyo sahihi. Ujuzi huo ni wa thamani kubwa, nami ningependa majopo ya usaili yaupe alama zake, badala ya kuona kwenye wasifu pengo la mwaka mmoja na kudhani ni uvivu.

Kwa hiyo mtu akiniambia alijisomesha, nampa heshima yake. Kisha ningemuuliza: ulifanya kazi saa ngapi kwa wiki, ada ilikuwa kiasi gani, na kijana mwenye kibarua chako cha wakati ule, leo anaweza kumaliza chuo? Kama hawezi, ukipewa ofisi utafanya nini?