Cheti ukutani, mzigo ziwani

Kiwanda kikubwa cha chakula au vinywaji kwenye ufukwe wa Mwanza kina milango miwili. Mmoja unatoa bidhaa: minofu ya sangara inayokimbizwa na barafu kwenda nje ya nchi, au kreti za bia na soda zinazopakiwa kwenda Shinyanga, Geita na Bukoba. Mwingine unatoa maji yaliyooshea samaki, chupa, matangi na sakafu. Mlango wa kwanza una macho mengi, kuanzia mkaguzi wa ubora mpaka mnunuzi aliye ng'ambo. Wa pili unatazamwa kwa nadra. Viwanda vikubwa siku hizi vina sera ya mazingira, ofisa mazingira na cheti kilichoning'inizwa mapokezi, na nataka kupima kama usimamizi huo unafika mpaka kwenye mlango wa pili.

Tunajua viwanda vyetu vinaweza kubadilika haraka vikibanwa. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliwazuia kwa awamu wauza samaki wa Ziwa Victoria: kwanza kwa bakteria, kisha kwa hofu ya kipindupindu, mwishowe kwa shaka ya sumu za kuulia wadudu. Soko lilipofunguliwa tena, kilichokuwa ndani ya kuta kilikuwa kimebadilika. Kuta na sakafu zilitengenezwa upya, wafanyakazi walivaa mabuti meupe, joto la samaki likapimwa kila hatua na kuandikwa. Shehena yenye kasoro ilisimamishwa hapohapo. Mnunuzi wa Ulaya hakuhitaji kuihurumia Mwanza ili hayo yatokee. Alihitaji tu kukataa samaki. Lakini hamu yake iliishia kwenye mnofu. Maji yaliyouosha hayakuwa na mnunuzi wa kuyakataa.

Kwa upande wa mazingira, chombo kinachotumiwa sana na viwanda vikubwa duniani ni kiwango cha ISO 14001, kilichotolewa mara ya kwanza 1996 na kupitiwa upya 2004 na 2015. Kinamtaka mwenye kiwanda aorodheshe kila anachogusa katika mazingira, ajue sheria zinazomhusu, ajiwekee malengo, apime, ajikague, na uongozi wa juu ukae kitako kutazama matokeo. Cheti hudumu miaka 3, na katikati wakaguzi hurudi.

Sikidharau. Kiwanda kisicho na mfumo huacha bomba linavuja mwezi mzima kwa sababu kila mmoja anadhani ni kazi ya mwenzake. Chenye mfumo kina mtu ambaye jina lake limeandikwa pembeni ya bomba hilo. Mfumo pia hufundisha kuona fedha kwenye taka. Machicha ya bia huuzwa kwa wafugaji badala ya kuoza. Majitaka ya kiwanda cha bia yakipitishwa kwenye tangi lisilo na hewa hutoa gesi ya kuwasha boila. Kwenye samaki, mnofu ni chini ya nusu ya uzito wa sangara; vichwa na mifupa, yaani mapanki, vina soko lake, na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yana bei kuliko mnofu wenyewe. Katika ripoti ya mazingira hiyo huhesabiwa kuwa taka iliyookolewa, na ni kweli imeokolewa. Ni kweli pia kwamba mnofu umepanda ndege na familia nyingi za hapa zimebaki na mapanki. Hilo lina mjadala wake, ila lisisahaulike tunaposoma kuwa kiwanda hakitupi kitu.

Tatizo la ISO 14001 ni kwamba inathibitisha kuwapo kwa utaratibu, na haitaji kiasi cha uchafu. Kiasi kinatajwa na sheria. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa maji za 2007. Majitaka ya kiwanda yanayoingia kwenye maji ya asili yasizidi miligramu 30 kwa lita za BOD, kipimo cha oksijeni ambayo bakteria wanaitumia wanapoozesha uchafu. Oksijeni hiyo ndiyo anayoivuta samaki, kwa hiyo nambari hii si ya wanasayansi peke yao.

Hapa hesabu inaanza kuwa ngumu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda A kinatoa lita milioni 1 za majitaka kwa siku, zenye miligramu 30 kwa lita. Kimefuata sheria na kimeingiza ziwani kilo 30 za mzigo. Kiwanda B kimebana matumizi ya maji, kinatoa lita 300,000 tu, lakini kwa sababu maji ni machache uchafu umekolea hadi miligramu 60. Kimevunja sheria, ingawa kimeingiza kilo 18. Anayefungulia bomba na kuzimua uchafu wake anapona, anayehifadhi maji anaadhibiwa. Wasimamizi wa viwanda wanaolalamikia jambo hili wana haki kabisa, na ningependa kuona vibali vya kutiririsha majitaka vikitaja kilo kwa siku pamoja na miligramu kwa lita.

Lakini hesabu hiyohiyo inawageukia wao. Ripoti nyingi za kampuni kubwa hujisifu kwa kiasi cha maji kwa kila lita ya bidhaa. Kiwanda cha bia kikishuka kutoka lita 5 za maji kwa lita moja ya bia hadi lita 4, ni kazi nzuri ya uhandisi. Kama katika muda huo uzalishaji umepanda kutoka lita milioni 100 hadi milioni 150 kwa mwaka, maji yaliyovutwa yamepanda kutoka lita milioni 500 hadi milioni 600. Meneja hadanganyi anaposema ufanisi umepanda. Ila Ghuba ya Mwanza haipokei ufanisi, inapokea jumla.

Wenye viwanda wana hoja nyingine nzito, na wanaharakati huikwepa. Mtu mmoja hutoa uchafu wa takribani gramu 40 hadi 50 za BOD kwa siku. Zile kilo 30 za kiwanda A ni sawa na za watu kati ya 600 na 750, mtaa mmoja mdogo. Sensa ya 2022 iliwakuta Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji la Mwanza, watu zaidi ya milioni 1, na wengi wao hawajaunganishwa na mtandao wa majitaka unaoishia kwenye mabwawa ya Butuja. Mvua kubwa ikinyesha, vyoo vya milimani vinatapishwa, na Mto Mirongo unabeba kila kitu katikati ya jiji hadi ziwani. Nje ya jiji kuna mashamba, mmomonyoko, vumbi na moshi wa uchomaji. Sehemu kubwa zaidi ya fosforasi inayolisha mwani na magugu maji katika ziwa zima inatokana na ardhi na anga, na viwanda vina sehemu ndogo. Anayesema viwanda vya Mwanza ndivyo vinavyoliua Ziwa Victoria anamwonea mtu.

Ningeishia hapo kama mitambo ya majitaka ingefanya kazi kila siku. Haifanyi, na si lazima awepo mtu mbaya. Mtambo wa kibiolojia ni mifugo: bakteria wanataka chakula na hewa kwa mpango. Umeme ukikatika na jenereta ikahudumia vyumba vya baridi kwanza, mashine za kupuliza hewa zinasimama na bakteria wanaanza kufa. Sangara wakipungua, kiwanda kinakaa siku kadhaa bila samaki, bakteria wanashinda njaa, halafu shehena kubwa inaingia ghafla, damu na mafuta vinawazidi nguvu.

Siku hiyo mambo yanageuka. Majitaka ghafi ya bia au ya samaki yanaweza kufika miligramu 2,000 kwa lita, na zaidi. Kwa kiwanda A hizo ni kilo 2,000 kwa siku, uchafu wa watu 40,000 au zaidi, kwenye mdomo mmoja wa bomba. Siku moja ya namna hiyo ni sawa na zaidi ya miezi miwili ya siku njema. Mkaguzi akichukua sampuli nne kwa mwaka, uwezekano wa kuikuta siku hiyo ni mdogo sana. Na akiikuta, kipimo cha BOD huchukua siku 5. Jibu linarudi maji yakiwa yameshasambaa ghubani. Wavuvi watakuwa wameshanusa harufu kabla ya karatasi kutoka maabara.

Kwa maoni yangu usimamizi wa mazingira wa kiwanda kikubwa upimwe kwa siku zake mbaya. Wastani wa mwaka unazimeza. Maswali ya kuuliza ni ya kawaida kabisa: mtambo ulisimama mara ngapi, kwa saa ngapi, na maji ya saa hizo yalikwenda wapi? Kiwanda chenye bwawa la akiba linaloweza kushikilia majitaka ya siku moja kina jibu. Kisicho nalo, hata kiwe na cheti, jibu lake ni ziwa. Kipimo cha COD, kinachopima hitaji la oksijeni kwa kemikali badala ya bakteria na kutoa matokeo ndani ya saa chache, kinafaa kufanywa kila siku kiwandani, pamoja na mita ya kupima kiasi cha maji yanayotoka. Bila mita hiyo hakuna anayeweza kujua kilo. Gharama hizi si ndogo kwa kiwanda cha minofu kinachofanya kazi chini ya uwezo wake, na serikali ingeweza kuzipunguzia kodi. Kwa kiwanda cha vinywaji kinachopanua uzalishaji sioni kisingizio.

Kisha takwimu hizo zitoke nje. Sheria ya 2004 inampa raia haki ya kupata taarifa za mazingira, na NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Kilo kwa siku, siku mbaya zikiwemo, zikibandikwa kila mwezi kwenye ofisi za kata na kwenye mialo, mvuvi wa Igombe na mama anayekaanga dagaa wangejua wanachoishi nacho. Wenye viwanda wanajibu kwamba mkweli ndiye atakayeumia: akitangaza kuharibikiwa kwake atatozwa faini na kuandikwa magazetini, wakati jirani aliyenyamaza anaendelea kuuza. Hofu hiyo naiona ni ya haki. Dawa yake ni kuvitaka viwanda vyote vyenye bomba ziwani vitoe takwimu kwa pamoja, na kumtofautisha aliyetoa taarifa ndani ya saa 24 na aliyeficha, faini ya wa pili iwe nzito mara nyingi zaidi. Mamlaka ya maji ya Mwanza nayo itangaze za mabwawa yake ya Butuja katika karatasi hiyohiyo, maana mamlaka ya umma haiwezi kudai uwazi ambao yenyewe haijautoa.