Mji huu haukuachii ununune kwa amani

Jamani mi nina shida moja na Dodoma na wala sio vumbi, hilo kila mtu kashalisema mpaka limechuja. Shida yangu ni kwamba huku huwezi kununa ukamaliza. Unaanza vizuri kabisa, sura umeikunja, sababu unazo, afu hapo mbele anatokea mnyama anafanya ujinga wake unajikuta unacheka peke yako kama mwehu na hasira yote imeharibika.

Juzi asubuhi mama mwenye nyumba kanitumia meseji kodi inapanda. Sawa. Hii serikali si walisema wanahamia Dodoma tangu 1973, tukasubiri mpaka tukazoea, tukajua ni maneno tu, ilivyofika 2016 wakaamua kuja kweli na sasa kila mwenye chumba kimoja choo cha nje anajiona ana hoteli. Afu ni mwezi wa saba, ule upepo wa Dom unaopita mpaka ndani ya soksi, bomba nalo linatoa hewa tu, mi nimekaa mlangoni nimevaa sweta na koti juu nasubiri jua nimenuna vizuri sana. Ndo akatokea mjusi ukutani.

Huyu mjusi nimemsoma. Asubuhi kwenye baridi hana lolote, rangi imefubaa, kajibana anaota jua kama... aah basi, anaota jua. Likishamkolea anabadilika, kichwa kinawaka wekundu, mwili unaingia bluu, anapanda juu ya ukuta anaanza kupiga pushapu. Anapiga, anaangalia huku na huku, anapiga tena. Ndo namna yao, dume anawaambia madume wenzake hapa pana mwenyewe, na majike nao waone. Yaani ukuta wa mama mwenye nyumba ni wake, kodi halipi, na hakuna anayemtumia meseji! Cha kuudhi zaidi ana na jina kubwa, mwaka 1923 mtaalamu anaitwa Loveridge alimwandika mjusi wa huku akampa jina la dodomae, siku hizi kisayansi anaitwa Agama dodomae, mjusi kapewa jina la mji mzima, mi niliyezaliwa hapahapa hakuna hata uchochoro. Nikacheka. Kununa kukaishia hapo.

Nikasema basi nitanunia barabarani. Kupanda bodaboda tu, mbele foleni, na foleni yenyewe kumbe ni punda. Kasimama katikati ya barabara na mkokoteni wake wa madumu ya maji, mwenye punda anavuta, anasukuma, anabembeleza, wapi. Nyuma yake shangingi jeusi linapiga honi, inaonekana mheshimiwa anawahi kikao huko Mtumba kwenye mji wa serikali, punda akageuza shingo, akaliangalia, akarudisha shingo. Boda wangu akazima pikipiki kabisa, akasema "kaka tulia, huyo ndo spika wa leo". Mheshimiwa akasubiri na mimi nikasubiri, tukawa sawa sote. Nyie, hiyo furaha hainunuliki, nililipa nauli bila hata kubishana.

Na msinianzishie habari za kumbikumbi. Sisi mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na ikigoma imegoma. Ikinyesha ya kwanza vumbi likilala inapanda ile harufu ya udongo mtu unasimama nje unavuta pumzi bure, hawajaigundua wakaiwekea tozo. Jioni kumbikumbi wanatoka ardhini wanafuata taa, wanadondosha mabawa, mlango mzima umejaa mabawa na wa kufagia ni nani, ni mimi. Nafagia huku nasonya. Afu watoto wa jirani wanaleta bakuli, wamewakaanga na chumvi tu maana mafuta wanayo yao wenyewe, ukishaonja moja usonyaji unaisha. Kuku ndo usiseme, kesho yake wameshiba mpaka mahindi wanayapita tu.

Zabibu nazo sawa, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, abiria wa mabasi wauziwe bei ya abiria sisi tunajua pa kwenda. Ila sitaki kuongelea zabibu, nataka kuongelea mbuzi.

Mama mwenye nyumba ana mbuzi jike, mweupe, ana ndevu. Huyu mbuzi nguo anazichagua, ya mpangaji mwingine hagusi, shuka langu akalila kona nzima, tena huku ananiangalia machoni anatafuna taratibu. Nikaona leo nimepata sababu ya uhakika. Nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umeamkaje?"

"Salama mama. Sasa kuhusu ile kodi, naona tutoe hela ya shuka, maana mbuzi wako kalila."

Akaliangalia shuka, akaligeuza, akasikitika kwa heshima zote. "Pole sana baba. Haya, tutoe." Nikaanza kushukuru. "Ila na yale maziwa ninayokuletea ya chai kila asubuhi tuyapigie hesabu hapohapo, maana ndo ya huyuhuyu."

Nikamwambia mama, shuka lenyewe lilikuwa la zamani.