Simu inatosha? Sio kila usiku
Mwandishi, kwenye makala yako umesema siku hizi kupiga picha za taa za kaskazini (ule mwanga wa rangi unaocheza angani usiku huku kaskazini) simu tu inatosha, aisee sio kila usiku. Mi nipo Tromsø huku Norway, msimu wa tatu huu wa baridi, zikiwaka kweli zikacheza juu ya kichwa hapo sawa, simu iegemeze mahali weka modi ya usiku utapata kitu. Lakini mara nyingi zinakuwa hafifu, kwa macho unaona kama kawingu keupe tu, kamera ndo inakuonyesha kumbe ni kijani. Hapo bila tripodi (kile kistendi cha miguu mitatu) umeumia. Mi naweka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 hadi 3200, lenzi f/2.8 yaani tundu wazi sana, shata naiacha wazi sekunde kama 8, zikikimbia sana nashusha mpaka 3 maana ukichelewa yale mapazia ya mwanga yote yanakorogeka yanakuwa uji wa kijani. Fokasi ya otomatiki zima, lenga nyota kali, ikuze kwenye skrini, zungusha fokasi kwa mkono mpaka iwe kitone.

Na betri jamani, hujagusia kabisa!! Baridi ya nyuzi -15 inazimaliza chap, za akiba weka mfuko wa ndani karibu na mwili. Kosa langu la kwanza nilirudi ndani na kamera mkononi, lenzi yote ikalowa kama kioo cha bafuni. Siku hizi naifunga kwenye mfuko wa plastiki nikiwa bado nje, naiacha humo mpaka ipate joto ndani, ila memori kadi toa kwanza, la sivyo utakaa masaa unaiangalia kamera kwenye mfuko na picha huzioni.